Maswali ya Wasomaji: Kikundi Kizima Kwenye Meli ya Mtoni Ulaya

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu hizi meli za kitalii zinazopita kwenye mito ya Ulaya na barua zimemiminika, nyingi zinatoka kwa watu wanaotaka kwenda kwa kikundi, kikoba, chama, jumuiya, wanafamilia. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Anko shikamoo. Sisi ni kina mama kumi na sita hapa Tabata, tulianza kama kikoba, wengi wetu tumestaafu, na mwaka ujao badala ya kugawana faida tumeamua twende Ulaya wote. Mtoto wa mwenzetu alitutumia video ya meli inapita mtoni huku na huku majumba ya kifalme, tukapagawa. Sasa kwenye grupu kila mtu na lake, huyu Rhine, huyu Danube, mwingine kasikia Ureno. Tuchague mto gani, na viza inakuwaje tukiwa wengi hivi? – Mama Katibu, Tabata

Marahaba mama yangu, na hongereni sana, kikoba kufika mpaka huko sio mchezo.

Mimi ningewapeleka Danube, kile kipande cha Passau mpaka Budapest, usiku saba kwenda na kurudi. Passau ni mji mdogo wa Ujerumani mpakani kabisa na Austria, mito mitatu inakutana pale, Danube, Inn na Ilz, na ukishukia uwanja wa ndege wa Munich unafika kwa treni siku hiyohiyo. Kutoka hapo mpaka Budapest kwa mto ni kama kilomita 580, mnapita Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria na begi lako liko palepale kabatini ulipolitundika siku ya kwanza, na kwa kikundi hiyo ndo raha yenyewe, maana aliyewahi kuhamisha watu kumi na sita hoteli mpaka hoteli na mabegi yao anajua nachosema. Njiani kuna bonde la Wachau, mashamba ya zabibu yamepanda mpaka mlimani, kuna monasteri kubwa ya Melk ambayo watawa wapo tangu 1089, kuna Dürnstein ambako mfalme Richard wa Uingereza alifungwa ngomeni mwaka 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba. Vienna meli nyingi zinafunga karibu na daraja la Reichsbrücke, na hapo siri ni kwamba huhitaji kununua kila matembezi ya meli, unatembea kidogo mpaka stesheni ya Vorgartenstraße unapanda treni ya chini U1 inakutoa Stephansplatz katikati ya mji. Halafu Budapest usiku, meli inapita taratibu mbele ya jengo la bunge limewaka taa lote, hapo hakuna anayebaki chumbani.

Rhine nayo nzuri sikatai, na ile video yenu nina uhakika ni ya huko, kati ya Bingen na Koblenz, kilomita 65 hivi za ngome juu ya ngome, UNESCO waliliweka hilo bonde kwenye orodha ya urithi wa dunia 2002. Ila ngome zote hizo mnazimaliza mchana mmoja, ukikaa ndani unakunywa chai zimepita, na sehemu kubwa ya njia iliyobaki ni tambarare na viwanda na meli za mizigo. Ya Ureno, mto Douro, iacheni iwe safari ya pili, meli zake hazitembei usiku, na Julai na Agosti lile bonde ni joto la kuoka mkate.

Sababu yangu nyingine ya kusema Passau ni maji. Danube ina sehemu inayosumbua, kati ya Straubing na Vilshofen, mto hauna bwawa la kushikilia maji hapo kwahiyo kiangazi kikikaza meli zinakwama, na hiyo sehemu iko juu ya Passau, upande mto unakotokea. Ukianzia Nuremberg au Regensburg lazima uivuke, ukianzia Passau umeshaiacha nyuma. Sio kwamba mmeepuka kila kitu, mafuriko ya Juni 2013 maji ya Passau yalipanda mpaka mita 12.89, na Septemba 2024 mafuriko yalisimamisha meli upande wa Austria. Lakini umepunguza angalau tatizo moja kati ya mawili. Mwezi mimi ningechukua mwisho wa Mei au Juni mwanzoni, bado hakujawa na umati na siku ni ndefu.

Viza sasa. Hamna viza ya kikundi jamani, hii naomba ieleweke kwenye grupu mapema. Kila mama anaomba viza yake mwenyewe ya Schengen, ile moja inayokubalika nchi nyingi za Ulaya, alama zake za vidole, taarifa yake ya benki, bima yake ya safari isiyopungua euro 30,000, na ada euro 90 ambayo ukinyimwa hairudi. Mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na hapa watu wanakosea, wanaenda ubalozi wa Ujerumani kwa sababu ndege inatua Munich wakati meli inakaa siku nyingi Austria. Kaeni na ratiba mkononi mhesabu siku moja moja. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na sio chini ya siku 15, ila kwa watu kumi na sita msisubiri, miadi inajaa. Na mpangeni na ajenti malipo ya mwisho yaje baada ya viza kutoka, sio kabla, kwasababu kuna uwezekano mkubwa kumi na nne wapate na wawili wanyimwe, na hapo ndo urafiki wa miaka ishirini unapimwa. Hilo la wawili wakinyimwa tunafanyaje, amueni leo na muandike kwenye daftari la kikoba.

Anko, mimi niko London, tulikuwa ndugu na marafiki kumi na wawili, tukalipia wiki ya Rhine mwezi wa tisa, Basel mpaka Amsterdam. Siku ya tatu tukaambiwa maji yamepungua, tukapandishwa basi siku tatu, tunalala hoteli, tunakula haraka haraka, mke wangu alikasirika mpaka leo hataki kusikia neno meli. Kampuni inasema ni hali ya hewa, sio kosa lao, na kwenye masharti ipo. Ndo basi tena? – Baba Mkwe, London

Pole sana shemeji, nakuita shemeji kwa ajili ya huyo dada aliyekasirika.

Rhine kutoka pale Iffezheim, Ujerumani, penye bwawa la mwisho, kushuka mpaka Uholanzi ni mto ulioachiwa wazi, hakuna mabwawa ya kuyazuia maji, mvua isiponyesha na theluji ya milimani ikishaisha, mwisho wa kiangazi mto unakonda. Wanaotazama wanatazama kipimo cha Kaub, mji mdogo kwenye lile bonde la ngome. Oktoba 2018 kilishuka mpaka sentimita 25. Sio kwamba mto wote ulikuwa na kina cha sentimita 25, kina cha njia ya meli pale kinazidi hicho kipimo kwa zaidi ya mita moja, lakini kwa meli iliyobeba watu na majiko na friji ni kidogo mno. Agosti 2022 ikawa karibu hivyohivyo. Kwahiyo kampuni wakisema maji hawakuyapunguza wao, ni kweli.

Ila hapo kuna vitu viwili tofauti na watu wa huduma kwa wateja hupenda kuvichanganya. Kuna fidia, kwamba nilipe kwa usumbufu na mke wangu alilia, hiyo wanaweza kuikwepa kwa kusema ni jambo lisilozuilika. Na kuna kupunguziwa bei, yaani nilinunua usiku saba wa meli nikapata minne, rudisha tofauti. Hii ya pili haijali kosa ni la nani. Sheria ya Ulaya ya safari za vifurushi, yaani zinazouzwa vitu vyote kwa pamoja, ya 2015 na ile ya Uingereza ya 2018 zote zinaitambua, na kwa kuwa mlinunua kama kifurushi huko London mna pa kusimamia. Masharti yanawaruhusu kubadilisha vitu vidogo, lakini siku tatu za basi kati ya wiki moja sio kidogo, hata mtoto anaona. Andikeni barua moja, sio kumi na mbili, mkiandika kila mtu kivyake watawapa huyu vocha ya punguzo yule samahani na mtagombana nyie kwa nyie. Ambatanisheni ratiba mliyouziwa na ratiba mliyoishi, muandike mnataka pesa sio vocha, muweke tarehe ya mwisho ya kujibu. Wakigoma, uliza ni chombo gani cha usuluhishi hiyo kampuni ni mwanachama, na pia muangalie bima zenu za safari, kuna nyingine zinalipa kwa kila siku uliyokosa meli.

Na kwa wengine mnaosoma hii kabla hamjalipa: muulizeni ajenti swali moja, maji yakipungua mna meli nyingine upande wa pili? Kampuni zenye meli nyingi zinafanya mabadilishano, nyinyi mnatoka Basel wengine wanatoka Amsterdam, mkifika penye maji haba mnapandishwa basi masaa machache, mnabadilishana meli, chumba namba ileile, safari inaendelea. Mwenye meli moja tu hana namna, atawapa basi mpaka mwisho.

Habari anko. Chama yetu hapa Nairobi tuko ishirini. Tumekuja kujua kupitia mtu wa ofisi ya ajenti kwamba mwenyekiti wetu hakulipa hata shilingi, amepewa nafasi ya bure kwa sababu alileta watu wengi, na sisi hakutuambia. Pia kuna member amejitoa miezi miwili kabla ya safari na anataka pesa zake zote. Tusaidie kabla tuvunjike. – Mweka Hazina, Nairobi

Ya mwenyekiti kwanza. Nafasi ya bure ni kitu cha kawaida kabisa, kampuni nyingi zinatoa moja kikundi kikifikisha idadi fulani ya watu wanaolipa. Mwenyekiti hajaiba kitu. Tatizo ni kimya chake. Mtu aliyekimbizana na pasipoti za watu ishirini, akapigiwa simu saa tano usiku na mtu anayeuliza kama kuna pasi ya nguo kwenye chumba, huyo anastahili kitu, mimi ningempa hiyo nafasi bila kinyongo kama angesimama mbele ya mkutano akasema jamani ipo hii, naiomba. Kuna vikundi vinaigawa kwa wote, ikipigwa hesabu kila mtu anapungukiwa kiasi, nayo ni sawa. Muiteni, aongee, mpige kura, muandike, muendelee na safari. Msimvue uenyekiti sasa hivi, nani ana password ya booking?

Huyu aliyejitoa ndo kesi ngumu. Makato ya kujitoa yanapanda kadri siku zinavyokaribia, na miezi miwili kabla mara nyingi malipo yote yameshaingia na kinachorudi ni kidogo. Kwahiyo pesa zake zote hazipo tena kwenu, ziko kwa kampuni, chama hakiwezi kurudisha kitu ambacho hakina. Halafu kuna mtu mmoja hamjamtaja kabisa kwenye barua yenu, yule aliyekuwa alale naye chumba kimoja. Vyumba vya meli hizi vinauzwa kwa watu wawili, mmoja akitoka aliyebaki anaweza kudaiwa nyongeza ya kulala peke yake, na hiyo nyongeza wakati mwingine inakaribia bei nzima ya mtu wa pili. Sasa mtu kajitoa yeye, anayelipa ni mwenzake, haki iko wapi?

Dawa ni kutafuta mbadala haraka. Waulizeni kubadilisha jina ni kiasi gani, kwa vifurushi vilivyouzwa chini ya sheria ya Ulaya inawezekana mpaka siku saba kabla ya safari kwa kulipia gharama halisi tu, ila huyo mbadala naye lazima awe na viza, kwahiyo kwa miezi miwili mtafuteni mtu mwenye Schengen tayari, au ndugu anayeishi hukohuko Ulaya ambaye ana kibali cha kukaa. Ndugu wa Uingereza na wa Marekani wenye pasipoti ya Kenya wasiwadanganye, kibali cha Uingereza au green card haviingizi mtu Ujerumani.

Assalamu alaikum. Sisi ni familia kubwa hapa Muscat, tunaongea Kiswahili nyumbani, wazee wetu walitoka Unguja. Tunataka kwenda Danube watu kumi na wanne, lakini chakula na sala vinatutia wasiwasi. Kunawezekana? – Bi Mkubwa, Muscat

Waalaykum salaam Bi Mkubwa. Kunawezekana, lakini msitegemee nyama. Jiko la meli hizi ni la kijerumani na kiaustria, nguruwe anaingia mpaka kwenye supu na sosi zina mvinyo, na nyama ya halali kwenye meli ya kawaida ni nadra. Samaki, mayai na vyakula visivyo na nyama vipo kila mlo, na wapishi hawana ubishi wakijua mapema. Neno ni hilo, mapema. Andikeni wakati wa kukata nafasi, sio mkifika mezani, na muandike kwa urefu: hatuli nguruwe, hatutaki mvinyo wala pombe kwenye sosi, samaki asikaangwe kwenye mafuta yaliyokaangiwa nyama. Siku ya kwanza mkipanda muoneni meneja wa hoteli ya melini mrudie tena kwa mdomo. Kama mko kumi na wanne ombeni pia meza zenu ziwe pembeni, maana wengine wote watakuwa na chupa mbele yao.

Vienna mtapata nyama ya halali bila kuhangaika, Waturuki na Wabosnia ni wengi, na kituo cha Kiislamu chenye msikiti, cha tangu 1979, kiko karibu na stesheni ya Neue Donau ya treni U6. Meli inageuka geuka na mto kwahiyo kibla angalieni kwenye simu kila sala, ukiwa Vienna ni kusini mashariki. Kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii, mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu usiku, Isha inakuja kuchelewa sana na Alfajiri inawahi, mzee ambaye hawezi kukosa usingizi itamtesa. Nendeni mwezi wa tisa mwishoni, jua linazama kwenye saa moja hivi na hali ya hewa bado inavumilika.

Anko mambo, naishi Stuttgart, nataka kumleta mama na mashoga zake watano kutoka Mombasa, wote wamepita sitini na tano na wana magoti. Meli ina ngazi nyingi? – Binti wa Mama, Stuttgart

Wewe ni mtoto mzuri, mama kakuzaa. Melini kwenyewe sio mbaya, abiria wengi wa meli hizi ni watu wazima wa umri huohuo kwahiyo zimetengenezwa kwa ajili yao, lifti ipo kwenye nyingi. Lakini uliza inaishia wapi, maana mara nyingi haifiki ghorofa ya chini kabisa wala ya juu ya wazi. Vyumba vya chini ndo bei nafuu, dirisha ni dogo, halifunguki na liko karibu usawa wa maji, na kila ukitaka chai unapanda ngazi. Kwa magoti lipia ghorofa ya katikati. Ukisikia balkoni ya kifaransa usimwambie mama kuna baraza ya kukaa, ni mlango wa kioo tu unaofunguka ukakutana na reli, unasimama unapunga upepo.

Shida ipo nje. Miji hii ya zamani ni mawe ya duara barabarani, viatu vya soli laini tu. Na kwenye gati zenye msongamano meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu, kwahiyo mama atavuka meli ya jirani kwenda nchi kavu, mara nyingine kwa kupanda juu na kushuka tena, na dirishani atafungua pazia akutane na Mjerumani anapiga mswaki. Ombeni kundi la watembea taratibu, meli nyingi zinagawa watu hivyo, na msione aibu.

Viza wataombea Kenya wao wenyewe, wewe unaweza kuwaalika na kuwadhamini ukiwa na kipato, ulizia ofisi ya wageni ya mji wako kuhusu ile karatasi ya kudhamini.

Mimi boti ya kwenda Unguja tu natapika nikifika Nungwi. Hii ya mtoni nitaweza? – Mwoga wa Maji, Tanga

Utaweza. Mtoni hakuna mawimbi ya kukutikisa, wengi hata hawajui kama meli imeondoka. Utakachosikia ni usiku wakati wa kupita kwenye yale mageti ya kupandisha na kushusha meli, kwasababu mageti mengine yana upana wa mita 12 tu na meli mita 11 na nusu karibu, inagusa ukuta kidogo, gwaa, halafu kimya. Beba vidonge vyako kama vinakupa amani lakini utarudi navyo.

Tunaenda kusherehekea miaka 50 ya mwenzetu, tuko kumi na wanane na sare zetu za kitenge. Tunaruhusiwa kubeba spika tukacheze juu ya meli? – Kamati ya Sherehe, Arusha

Sare bebeni, mtapigwa picha na meli nzima. Spika iacheni. Meli nzima ina watu mia na kitu, mnaowajua ni kumi na wanane, waliobaki wengi wanalala saa nne na ukumbi uko juu ya vyumba vyao. Mwandikieni meneja wa hoteli kabla, semeni tarehe ya birthday na muombe ukumbi baada ya chakula cha jioni, meli nyingi zina mpiga kinanda, mtumieni nyimbo mbili tatu kwenye simu, keki wataitoa wao. Ghorofa ya juu ya wazi msiitegemee kwa kucheza, kwenye madaraja ya chini wanaifunga kabisa, wanalaza viti na mahema na hata chumba cha nahodha kinashushwa ndo meli ipite, na siku ikiwa wazi mabaharia wakiwaambia kaeni chini, kaeni kweli, daraja linapita juu ya kichwa karibu kuliko mnavyodhani. Na mwenye birthday mumpe kiti cha dirishani Budapest, meli ikianza kupita bungeni.